Naomba ushauri: niko fildi supamaketi, nakatwa hela iliyopungua kaunta

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa masoko mwaka wa pili, niko fildi kwenye supamaketi moja hapa Dar. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa napanga bidhaa, za zamani mbele mpya nyuma, nikajifunza mengi. Sasa nimewekwa kaunta. Mshahara hakuna, napewa nauli 5,000 kwa siku.

Juzi tunafunga hesabu, droo ikapungua 38,000. Mchana nilipoenda kula alikaa keshia mwingine kwenye droo hiyohiyo, na hatukuhesabiana pesa. Meneja kasema nauli yangu itakatwa mpaka deni liishe, nikikataa hasaini kitabu changu cha fildi. Inaniuma sana, bila saini hiyo sipati alama.

Nimesoma kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akueleze kwa maandishi hasara ilivyotokea kabla ya kukukata. Je, na sisi wa fildi inatuhusu? Nianzie kwa msimamizi wangu wa chuo, au kwanza nimwombe meneja tuangalie kamera za saa ile? Nimebakiza wiki tatu.