Mjadala: Apdeti ya mita tuliambiwa tarehe, hawa wa simu na tivii mbona wanatukatia kimyakimya?

Wakuu habari za wikiendi. Nina hoja hapa, naomba tuijadili bila matusi.

Mnaikumbuka ile apdeti ya 2024 ya LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla? Ukinunua umeme unaletewa namba mpaka unashangaa, mafungu matatu ya tarakimu 20 kila moja, mawili ya mwanzo ya kubadilisha mita, la tatu ndo yuniti zenyewe. Mama yangu yuko kijijini Muheza, nikamsomea zote kwa simu, tarakimu 60, akikosea moja tunaanza fungu upya, mara jogoo kawika hajasikia nimesema sita au tisa, ilituchukua kama dakika 40 na vocha ikakata katikati. Ila sikulalamika. Kwanza tarehe tuliijua miezi kabla, 24 Novemba 2024. Pili sababu yake inaeleweka hata kwa mtu wa kawaida, kila tokeni, yaani fungu la namba unalonunua, inabeba hesabu ya dakika tangu 1 Januari 1993 na hesabu hiyo ina mwisho, ikifika dakika milioni 16 na ushee inajaa inarudi sifuri, kwahiyo mita za mfumo huo dunia nzima zilibidi ziguswe sio zetu tu. Tatu hukulipia chochote.

Sasa njooni kwenye tivii yangu. Nimenunua 2018, laki tisa taslimu, boksi lake limeandikwa kila kitu, inchi, wati, mpaka uzito. Mwaka jana nawasha jioni niangalie mpira ile programu ya video inaniambia toleo hili halitumiki tena. Naenda kwenye setingi natafuta apdeti naambiwa tivii yako tayari ina toleo jipya kabisa. Jipya kivipi?? Kioo kizima, spika nzima, rangi kama siku naitoa dukani, ila ndo imeshakufa hivyo.

Maziwa ya boksi yana tarehe ya mwisho, panadol ina tarehe. Simu na tivii ziandikwe kwenye boksi apdeti zitakoma mwaka gani, na iwe sheria. Ulaya tangu 20 Juni 2025 wameshabana watengenezaji, simu mpya iendelee kupata apdeti angalau miaka 5 tangu modeli hiyo ilipoacha kuingizwa sokoni. Sisi hata kuandikiwa mwaka tu tumeshindwa kudai? Karibuni.

Fundi wa Kona: Mkuu nakuelewa ila utajisumbua bure. Mimi nafungua simu za watu kila siku, wateja wengi wanakuja apdeti wamezizima wenyewe, ukiuliza anakwambia inajaza simu, ukifungua storeji imejaa picha za maua za "asubuhi njema" za magrupu ya ukoo. Hiyo tarehe nani ataisoma? Halafu boksi lipi, simu za mtumba zinashuka kutoka Dubai zimefungwa kwenye nailoni. Watu waelimishwe kuapdeti kwanza. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya laki mbili, hospitali za Uingereza zikaanza kurudisha wagonjwa nyumbani, na tundu la Windows kilipopitia Microsoft walishaliziba tangu Machi. Waliokuwa wameapdeti walilala usingizi wao.

Bando Limekata: Fundi wewe una waifai ya dukani ndo maana unaongea ukiwa umekaa. Apdeti moja giga mbili na kitu, kwangu hilo ni bando la wiki, na ikifika asilimia 90 mtandao unakata inaanza moja. Afu usitufanye apdeti ni maji ya baraka. 19 Julai 2024 si ni apdeti hiyohiyo ya usalama, ya CrowdStrike, kampuni ya kulinda kompyuta, ndo iliyozima kompyuta kama milioni 8.5 za Windows, ndege zikalala chini? Na Apple 2017 walikiri wenyewe kwamba apdeti yao ilikuwa inapunguza kasi iPhone zenye betri iliyochoka, 2020 Ufaransa wakawalima faini ya yuro milioni 25. Mimi nazima na nitaendelea kuzima.

Mwanzisha mada: Bando hapo kwa Apple umenisaidia bila kujua. Ile faini kosa lake lilikuwa hawakumwambia mteja. Ndicho ninachosema toka juu. Wangesema wazi "tunapunguza kasi isijizime ghafla, ukibadilisha betri itarudi" nani angegombana nao.

Duka la Simu: Mimi nauza, nawaambia ukweli ambao hamtaupenda. Simu za kupewa apdeti miaka 7 zipo, Samsung walianza na S24 mwaka 2024, Google walitangulia na Pixel 8, lakini bei yake ni bodaboda. Mteja wangu anakuja na laki na nusu. Mkileta sheria ya miaka mitano hiyo simu ya laki na nusu hamtaiona tena, na yule mama wa genge atarudi kwenye kitochi.

Mwanzisha mada: Soma tena mkuu, sijasema lazima miaka mitano. Nimesema ANDIKENI. Kama ni mwaka mmoja andika mmoja, mama wa genge ataamua mwenyewe.

Duka la Simu: Ukiandika mmoja nani atanunua?

Bando Limekata: hahahaaa kumbe tatizo ndo hilo

Wa Nakuru: Huku Kenya pia zile token ndefu za stima zilitupata, nyanya yangu alimuita kijana wa jirani akalipa na chai na maandazi. Lakini mimi kilio changu ni laptopu ya watoto. Windows 10 imeachwa 14 Oktoba 2025, ya 11 inakataa kuingia ati laptopu haina TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na mashine ni nzima kabisa. Tarehe tulipewa mapema sana, sikatai, lakini kupewa tarehe hakukuniletea pesa ya laptopu ingine. Kwahivyo hii hoja ya kuandika kwa boksi inatatua nusu tu.

Mwanzisha mada: Hapo umenibana kweli, sina jibu. Nadhani nusu ni bora kuliko sifuri lakini nakubali ni nusu.

Mzee wa Chogo: Vijana mnalia sana. 31 Desemba 2012 Dar ilipozimiwa analojia mimi nilikuwa na tivii ya chogo inchi 21, nikanunua king'amuzi nikachomeka, chogo likapiga kazi miaka sita mbele. Nilichojifunza ni kimoja, usinunue kioo na akili kwenye mwili mmoja, maana akili inazeeka haraka kuliko kioo. Wewe mwenye tivii ya laki tisa tafuta kifimbo chenye programu za video cha kuchomeka nyuma kwenye tundu la HDMI, kikizeeka unatupa kifimbo, tivii inabaki ukutani.

Fundi wa Kona: Mzee kamaliza. Hata mimi nawashauri hivyohivyo, ila wengi wanaona aibu tivii ya kisasa kuchomekewa kidude.

Mwanzisha mada: Aibu sina, mpira unaanza wiki ijayo. Duka la Simu unavyo hivyo vifimbo?

Duka la Simu: Ninavyo aina mbili, cha elfu themanini na cha laki na ishirini.

Mwanzisha mada: Cha elfu themanini apdeti zake zinaisha lini?

Duka la Simu: Ngoja niangalie boksi

Duka la Simu: Nimeligeuza pande zote sita mkuu. Uzito upo.