Mwajiri alikata michango ya NSSF, kwenye mfuko haikufika: nadai vipi nikiwa Reading, Uingereza?

Mama Ima, Reading
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kabla ya kuja huku nilikuwa mtandika vitanda kwenye hoteli moja ya kitalii Arusha, karibu miaka kumi. Juzi nimechungulia taarifa ya michango yangu NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nimeishiwa nguvu. Mwaka 2014 wote mtupu, 2016 miezi imerukwarukwa. Na slipu za mshahara ninazo, asilimia 10 yangu imekatwa kila mwezi! Mdogo wangu kaenda ofisi ya hoteli, kaambiwa imeuzwa, mwenye mali mpya hahusiki na ya zamani, na mimi nije mwenyewe. Nauli hiyo nitoe wapi? Naomba kujua: mdogo wangu anaweza kunidai kwa hati ya uwakilishi? Muhuri wa wakili wa hapa unatosha, au mpaka ubalozini?

Msambaa, Hamburg
Pole sana dada. Mimi nililinda magodauni Tanga usiku kucha, kampuni nayo ikala michango yangu vilevile. Wale wenzangu walioenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wakiwa na chama cha wafanyakazi kama CHODAWU au TUICO nyuma yao angalau walisikilizwa. Nenda CMA.

Bin Juma, Muscat
Kaka, usimpoteze dada wa watu. CMA mlango wake ni siku 30 kwa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine. Ukichelewa unaanza kwa kuomba msamaha wa muda. Tena hili ni deni la mwajiri kwa mfuko. Sheria inaupa mfuko nguvu ya kumpeleka mwajiri mahakamani, na tozo ya kuchelewesha juu yake. Mwanachama kazi yake ni kupeleka ushahidi, kwa hiyo slipu hizo dada zitunze kama cheti cha kuzaliwa. Huku Oman sheria ya kazi ya 2023 inatupa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Zingatieni neno msingi. Waajiri wengi wanaandika msingi mdogo, iliyobaki wanaiita posho, na vijana wetu wanasaini pale pale bila kusoma.

Mwana wa Likoni, Toronto
Kwani asichukue zake zote akamaliza? Kwetu Kenya ukihama moja kwa moja kuna malipo ya wanaohama. Mimi nilichukua zangu, za ile enzi ya shilingi 200 zako na 200 za mwajiri, kabla sheria ya NSSF ya Kenya ya 2013 haijaanza kutumika Februari 2023.

Msambaa, Hamburg
Ndugu yangu, soma swali. Ni Tanzania. Fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako kabla ya uzee, liliguswa 2012, wafanyakazi wa migodini wakaja juu, likarudi; 2018 likaondolewa. Kilichopo ni fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, tena uwe umechangia miezi 18. Mama Ima ana kazi, hilo halimhusu. Na pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, ndiyo maana kila mwezi uliorukwa unamuuma. Huku Ujerumani mgeni wa nchi isiyo na mkataba wa pensheni na Ujerumani, akiondoka, miezi 24 baadaye anaweza kuomba ile nusu aliyochangia yeye na akarudishiwa. Sisi tuliohama nyumbani tunaambiwa tusubiri uzee.

Binti Mwalimu, Minneapolis
Mkitaja uzee mnanikumbusha baba. Kafundisha Singida maisha yake yote, akipiga hesabu ya mkupuo, yale malipo ya mara moja ya kustaafu, wa asilimia 50: nyumba, bati, kisima. Kanuni za 2018 zikasema 25. Watu wakalia, Rais Magufuli akasimamisha Desemba ile ile. Julai 2022 ikawa 33, baba akastaafu miezi michache baadaye. Kuta zimefika kwenye lenta, na bati namnunulia mimi kwa zamu za usiku. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa wote.

Bin Juma, Muscat
Si kwa wote, dada. Asilimia 40 ni kwa waliokuwa na kikokotoo, yaani kiwango cha mkupuo, cha 50 zamani. Waliokuwa na 25 wakapanda hadi 33, hao wamepewa 35. Na wa NSSF wengi ni hao, akiwemo Mama Ima. Tusiandike vitu nusu nusu, kuna watu wanapanga maisha kwa maneno haya.

Binti Mwalimu, Minneapolis
Sawa kaka, 35. Lakini niambie, mwalimu wa kijijini aliyekatwa mshahara kila mwezi, hakukosa hata mmoja, nani alimuuliza kabla ya kugeuza hesabu? Na hoteli iliyokata za Mama Ima ikazila, nani ameshtakiwa? Mwizi wa kuku kule kwetu halali nyumbani.