Annie ya 1982 au ya 2014: ipi tuwaonyeshe wanafunzi wa Ujiji?

Mwalimu wa Ujiji

Wadau wa filamu, salamu kutoka Kigoma. Nafundisha shule ya msingi hapa Ujiji, na mkuu wa shule ametukubalia kuwaonyesha wanafunzi wa darasa la tano na la sita filamu moja ya muziki siku ya kufunga muhula. Projekta tumeazima, shuka jeupe la kutundika ukutani lipo, na spika tutapewa na kwaya ya jirani. Walimu tumeafikiana kwamba filamu iwe Annie. Tunachobishania ni Annie ipi.

Kwa asiyekifahamu kisa hiki, kilianza mwaka 1924 kama katuni ya gazetini ya Harold Gray, kikageuzwa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo katika jukwaa la Broadway, New York, mwaka 1977, kisha mwaka 1982 John Huston akakitolea filamu. Hiyo ndiyo ya mtoto mwenye nywele nyekundu, Aileen Quinn, anayeishi katika kituo cha yatima mwaka 1933, wakati uchumi wa Marekani umeporomoka, mpaka bilionea Warbucks anapomchukua akae naye kwa muda. Mwaka 2014 Will Gluck akaitengeneza upya. Annie wa safari hii ni Quvenzhané Wallis, mtoto mweusi wa New York ya leo. Hakai kituoni bali kwa mlezi wa kambo anayelipwa na serikali, na tajiri wake, Jamie Foxx, ni mwenye kampuni ya simu za mkononi anayegombea umeya wa jiji.

Mwenzangu hataki hata kuisikia hii ya pili. Anasema ilipewa Razzie, ile tuzo ya dhihaka kwa kazi mbovu, katika kundi la filamu zilizorudiwa, na kwamba hatuna sababu ya kuwapa watoto makapi wakati nafaka ipo. Mimi nimevutwa nayo kwa jambo moja. Annie huyu hakubali kuitwa yatima. Anaamini wazazi wake wapo, na kila Ijumaa jioni huenda kukaa nje ya mgahawa mmoja akiwasubiri, kwa sababu barua waliyomwachia iliandikwa kwenye risiti ya mgahawa huo. Wanafunzi wangu wengi wanalelewa na bibi, shangazi au baba mdogo, wazazi wakiwa Dar es Salaam au ng'ambo ya ziwa, na nahisi watamwelewa huyu upesi kuliko yatima wa kituoni. Je, hilo linatosha kufidia upungufu wa muziki wake? Naomba hoja, hasa za waliozitazama zote mbili.

Mstaafu wa Gongoni

Mwalimu, mimi ni mtu wa Tabora, mstaafu wa kazi ya reli, na Annie ya Huston niliitazama enzi za kanda za video, mpaka ukanda wenyewe ukaanza kukwaruza. Mwenzako ana haki, ingawa Razzie si hoja. Wanaoitoa ni watu wa mzaha.

Hoja ni kwamba nyimbo zile, alizozitunga Charles Strouse kwa maneno ya Martin Charnin, zilitungwa kwa ajili ya mwaka 1933 na hazina nyumba nyingine. Tazama wimbo wa "Tomorrow". Katika filamu ya 1982 mtoto anauimba Ikulu ya Marekani, mbele ya Rais Roosevelt na mkewe Eleanor, huku Warbucks, ambaye siasa za Roosevelt hazipendi hata kidogo, akilazimika naye kuitikia. Rais wa nchi iliyofilisika, bilionea asiyemwamini rais huyo na mtoto asiye na kitu wanaimba wimbo mmoja kwamba kesho jua litachomoza; hapo wimbo unabeba nchi nzima. Katika hii ya 2014 mtoto anauimba barabarani, peke yake, akijitazama kwenye vioo vya maduka na kuona familia za wengine. Picha ni nzuri, sikatai, lakini imebaki huzuni ya mtu mmoja.

Kingine ni tajiri mwenyewe. Warbucks anatisha kwanza ndipo analainika. Huyu wa simu tunamjua pale anapowagawia chakula wasio na makazi, anakionja, anakitema, na video yake inasambaa mitandaoni. Basi anamchukua mtoto ili apate kura. Ni kichekesho cha wiki moja. Na mlezi Hannigan wa Carol Burnett, mlevi yule anayechekesha na kuchukiza kwa wakati mmoja, anaimba kweli. Cameron Diaz, Hannigan wa 2014, anapiga kelele.

Mpiga Kinanda wa Mwanga

Mzee wangu wa Gongoni, shikamoo. Nakubaliana nawe juu ya Carol Burnett, lakini kuhusu nyimbo naomba nikupinge kwa heshima zote, maana huo ndio uwanja wangu.

Umesema nyimbo hazina nyumba nyingine. Nyumba nyingine zilishaipata kabla ya filamu ya 2014 kufikiriwa. Mwaka 1998 msanii wa rap Jay-Z alichukua kiitikio cha watoto katika "It's the Hard Knock Life", wimbo wa yatima wakifanya usafi, akakiwekea mdundo na kuchana juu yake, na vijana ambao hawakuwahi kusikia habari za Broadway wakakijua kiitikio hicho kwa moyo. Jay-Z huyohuyo ni mmoja wa watayarishaji wa filamu ya 2014, pamoja na Will Smith na mkewe. Kwa hiyo waliorudia filamu hawakuutoa wimbo jukwaani kuupeleka mtaani. Waliuokota mtaani, ulikokuwa ukiishi kwa miaka 16.

Ndiyo maana tukio la usafi limejengwa kwa mdundo kuliko kwa sauti. Brashi zinasugua, ndoo zinagonga sakafu, na wimbo unapanda juu ya vishindo hivyo. Hata tukio la kwanza darasani lina mantiki hiyohiyo. Anasimama msichana mwenye nywele nyekundu, anasoma kazi yake, anamalizia kwa kucheza. Mtazamaji anadhani ndiye. Kisha mwalimu anamwita Annie mwingine, Annie B., naye Wallis anakuja mbele, na badala ya kusoma insha yake juu ya Roosevelt anawagawa wenzake makundi, wengine wapige makofi, wengine wapige miguu, darasa zima linakuwa ngoma. Roosevelt wako, Mzee, hawakumtupa. Wamemhamishia kwenye somo la historia. Mwalimu wa Ujiji, nakuhakikishia watoto wako watakuwa wanapiga madawati kabla tukio halijaisha, na hapo hawahitaji Kiingereza.

Kasoro ya kweli iko kwenye sauti za waimbaji. Zimepitishwa kwenye mitambo ya kunyoosha sauti kiasi kwamba ule mkwaruzo wa sauti ya mtoto, ambao ndio utamu wake, umepigwa pasi. Sikiliza noti ndefu ya mwisho ya "Tomorrow" kwa Aileen Quinn, usikie pumzi ya mtoto inavyotumika mpaka tone la mwisho, kisha sikiliza kwa Wallis. Wallis si mtoto asiye na kipaji, maana aliwahi kuteuliwa kuwania Oscar akiwa na miaka tisa. Waliomrekodi ndio hawakumwamini. Nyimbo mpya walizoandika Sia na Greg Kurstin zimemkaa vizuri zaidi kwa kuwa zilipimwa kwake, na mmojawapo, "Opportunity", uliteuliwa kuwania Golden Globe.

Jambo la mwisho, ambalo wapenzi wa filamu ya zamani hulipita kimyakimya: mle ndani mna mlinzi wa Warbucks anayeitwa Punjab, Mhindi wa kilemba mwenye nguvu za mazingaombwe. Mtayaeleza vipi hayo mbele ya darasa la Ujiji lenye watoto wa kila asili?

Mama wa Darasa la Pili, Mwandiga

Mwalimu mwenzangu, wanaume hawa wanazungumzia nyimbo, na mimi nashangaa hakuna aliyegusa lile ambalo mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) angeliona kwanza. Annie wa 2014 hajui kusoma.

Rudi kwenye tukio la darasani alilolisimulia kaka wa kinanda. Kwa nini mtoto yule hasomi insha kama mwenzake? Ukiitazama mara ya kwanza unasema ana kipaji. Baadaye, kwenye hafla katika jumba la makumbusho la Guggenheim, anaimba vizuri mbele ya wageni, kisha anatakiwa kusoma maneno machache yaliyoandikwa, na anakimbia. Hapo ndipo unaelewa kwamba makofi na vishindo vyote vile vilikuwa vya kuficha. Kila mwalimu wa madarasa ya chini anawajua watoto hawa. Ni wale wanaojitolea kufuta ubao kila kipindi cha kusoma, wanaokariri ukurasa mzima kwa kumsikiliza jirani kisha wanauchezesha kidole juu ya mistari, na kidole kinafika chini kabla maneno hayajaisha. Katika Annie ya 1982 jambo hili halipo. Waliorudia filamu wameliongeza, wakalifikisha mpaka mwisho, ambapo tajiri anafungua kituo cha kufundishia kusoma. Kwangu hilo lina uzito kuliko helikopta yao ya kumfukuzia mtoto, ambayo naona ni makelele tu.

Lakini kwenye hoja yako ya kusubiri wazazi, Mwalimu, nakuomba uwe mwangalifu. Katika filamu zote mbili wanakuja wazazi wa uongo kumchukua Annie, na ndio mkasa wenyewe. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi; kambi ya Nyarugusu peke yake ipo tangu mwaka 1996. Wapo watoto katika shule zetu ambao kusubiri kwao si hadithi. Mtoto wa namna hiyo akiona Annie anawakumbatia wazazi waliotafutwa kwa fedha, na wa kweli hawatokei mpaka mwisho, ataumia mbele ya wenzake. Zungumza na darasa kabla ya kuwasha projekta. Waambie mapema kwamba watu hao ni waongo. Filamu haitaharibika. Na kama afisa ustawi wa jamii wa kata anaweza kufika, mkaribishe, kwa kuwa malezi ya kambo yanatambuliwa pia na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa kwetu, na watoto watauliza.

Kijana wa Banda, Kibirizi

Mwalimu, mimi naonyesha filamu bandani kila siku, kwa hiyo nasema ya kazi tu. Mkimweka mtu wa kutafsiri kwa maikrofoni, mkatazeni kabisa kuongea wakati wa nyimbo. Wenzetu wengi wamezoea filamu za mapigano, hawawezi kukaa kimya hata dakika moja, na filamu ya muziki ikisemewa juu inakufa. Aeleze kisa kabla ya wimbo, anyamaze, aendelee baadaye. Angalieni pia muda: ya 1982 ina dakika 127, ya 2014 ina dakika 118. Mkianza mchana jua likiwa linaingia madirishani, shuka lenu halitaonyesha kitu.

Mstaafu wa Gongoni

Marahaba, kijana wa kinanda. Punjab sina utetezi naye. Huyo mtoto asiyejua kusoma, mama, nakiri ndiyo sababu ya kwanza niliyoisikia ya kuifanya filamu ile ionekane imerudiwa kwa haja. Hata hivyo bado nasema watoto wasikie Aileen Quinn akiimba, hata kwa wimbo mmoja.

Mwalimu wa Ujiji

Nawashukuru nyote. Tutaonyesha ya 2014 nzima, na kabla yake tutaonyesha "Tomorrow" ya Ikulu kutoka ya 1982, ili wanafunzi wazisikie sauti mbili za wimbo mmoja na wabishane wenyewe. Mama wa Mwandiga, wanafunzi wawili ninaowafikiria nitazungumza nao na walezi wao nyumbani kabla ya siku yenyewe, kando na lile la kuliambia darasa zima. Kaka wa kinanda, spika za kwaya tulizoahidiwa ni zile ndefu za kwenye mikutano, na naogopa midundo ya filamu hii itazizidi nguvu. Ukipata nafasi ya kuvuka kutoka Mwanga kuja kuturekebishia besi, soda ipo.