Mama anataka kwenda darsa kwa miguu yake mwenyewe, nimchukulie kigari gani chenye kiti?

MwanaNgamiani
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Mama yangu ana miaka 71, yuko Tanga, Ngamiani, magoti yote mawili yamesagika, la kulia ndo baya zaidi. Anatembea na mkongojo ila akienda kidogo tu anatafuta pa kukaa na njiani hamna, basi anasimama kashika ukuta wa nyumba ya watu anavuta pumzi mpaka maumivu yapoe. Zamani darsa la kina mama kila Jumamosi halikosi, saiv mwezi wa nne huu hajaenda. Bajaji tunamlipia lakini anakataa, anasema sitaki kila siku mtu aache kazi zake kunibeba mimi. Inaniuma kwa kweli, maana wenzie wote wako kule.

Juzi nikiwa Kariakoo nimeona kile kigari cha miguu minne chenye tairi, breki za mkononi kama za baiskeli, katikati kina kiti, chini kikapu. Nilikipenda palepale. Muuzaji anasema kinabeba mpaka kilo 136, mama ana 84. Akanionyesha na mkongojo unaokunjuka unakuwa kistuli, huo bei yake ni chini sana. Kwetu lami ipo ila kutoka mlangoni mpaka lami kuna kichochoro cha mchanga kama mita 60 hivi. Nichukue kipi? Aliyewahi kutumia aniambie ukweli.

mtuwavuga
Pole sana kwa bi mkubwa. Mie babu yangu tulimnunulia huo mkongojo wa kistuli, yuko Mji Mkongwe huku Unguja. Ule una miguu mitatu, ukitembea nao inakuwa imekunjwa, ukitaka kukaa unaikunjua. Kwake umefaa kwa sababu yeye magoti mazima, shida yake pumzi tu, na vichochoro vya huku kigari kitapita wapi, vespa zenyewe zinapishana kwa tabu. Na baraza ziko kila nyumba, kwa hiyo kile kistuli anakitumia mara chache tu. Lakini mtu wa magoti mabovu sikushauri, kiti chake kiko chini na kidogo, kuinuka pale unasukumia magoti hayohayo, na mikono haina pa kushika zaidi ya ule mshikio mmoja wa mbele. Babu siku moja alikalia hakijafunguka sawasawa akaenda chini, alhamdulillah hakuvunjika.

FizioKaskazini
Nafanya kazi ya fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mwaka wa 14 sasa, niseme machache, samahani kama yatakuwa marefu.

Mkongojo wa kistuli mwondolee mama, jamaa wa Unguja kaeleza vizuri. Kigari cha tairi nne kinaweza kumfaa kabisa mtu ambaye anatembea mwenyewe, ana mikono miwili yenye nguvu ya kubana breki, akili iko sawa, tatizo lake ni maumivu na kuchoka njiani. Ila usinunue kwa kupenda kwa macho. Kipimo cha kwanza ni mishikio. Mama avae viatu anavyotokea navyo nje, asimame wima kadiri anavyoweza, mikono aiachie ining'inie, halafu pima kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Urefu huo ndo mishikio ikae. Ikiwa juu sana atatembea mabega yamepanda masikioni, jioni shingo inauma na anadhani ni uzee. Ikiwa chini sana anajikunja mgongo anakisukuma kigari kiko mbali mbele yake, na hapo ndo watu wanaanguka, kigari kinakimbia mwili unabaki.

Pili kiti. Akikaa nyayo zote zifike chini. Kwa mtu wa magoti kiti kikizidi kidogo urefu wa kiti cha kawaida ni afadhali, kuinuka kunakuwa rahisi, lakini asining'inie. Vile vigari vina saizi, watu hawajui, kuna vya watu warefu na vya wafupi, na maduka mengi wanaleta saizi moja. Mama ana urefu gani?

Tatu, na hili naomba usilisahau, pima milango. Vigari vingi vina upana wa sentimita 60 na kidogo. Nyumba za zamani mlango wa chooni unaweza kuwa 60 au chini yake. Kama hakipiti, ndani aendelee na mkongojo, na aushike mkono wa KUSHOTO kama goti baya ni la kulia. Nakutana na wagonjwa kila wiki wanaushika upande wa goti linalouma, hausaidii.

Wambo_Nakuru
Pole kwa mum. Sisi tulikuwa na hiyo kitu ya shosh, ilimsaidia sana, alikuwa anaenda nayo mpaka kanisani na kurudi. Lakini wacha niwaambie kitu moja iliyotuumiza. Siku moja amechoka, mjukuu akamwambia kaa hapo juu nikusukume. Akamsukuma kama wheelchair. Tairi za mbele zikaingia kwa ufa wa simiti, kigari ikasimama ghafla, shosh akaanguka na akavunjika mkono. Wiki sita na plasta. Hakuna mtu alikuwa ametuambia hiyo kiti ni ya kupumzika tu imesimama. Tafadhali waambie watoto wote wa hiyo nyumba, na majirani pia.

FizioKaskazini
@Wambo_Nakuru pole sana, na asante kwa kulisema. Kigari hiki siyo kiti cha magurudumu, hakijaundwa kubeba mtu kikiwa kinatembea. Kukaa kuna utaratibu wake: unakisimamisha mahali tambarare, ikiwezekana kiegemee ukuta, unasukuma breki zote mbili chini mpaka zijifunge, unageuka taratibu ukiwa umeshika mshikio, unarudi nyuma mpaka miguu iguse kiti, ndo unakaa. Kuinuka hivyohivyo, breki hazifunguliwi mpaka umesimama imara na umeshakigeukia. Mama afanyishwe nyumbani mara 20 kabla hajatoka nacho nje.

dada_wa_Malmö
Salam ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Muheza, huku Uswidi nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Hivi vigari huku ni kama baiskeli Tanga, kila kona. Na vilianzia hukuhuku, mama mmoja anaitwa Aina Wifalk, yeye mwenyewe aliugua polio akiwa msichana, ndo alikuja na wazo hili mwaka 1978. Huwa nawasimulia wazee wangu wanaoona aibu, maana hata huku wapo wanaoona aibu mwanzoni, kwamba kitu hiki kilibuniwa na mtu ambaye miguu yake yenyewe ilikuwa inamsumbua.

Nikuambie la tairi maana FizioKaskazini hajaligusa. Vya bei ya chini vina tairi ngumu za plastiki inchi 6, hizo ni za ndani, koridoni hospitali, marumaru. Ukienda nje angalau inchi 8, na za mbele zikifika 10 na zikawa pana na laini kidogo ni bora zaidi, hazisimamishwi na kila kijiwe. Ila mchanga mwingi sikudanganyi, hakuna kigari kinachoupenda. Ule wa kichochoroni unaweza kumkwamisha kabla hajafika lami. Angalia kama kuna njia nyingine hata kama inazunguka, au hizo mita 60 mziwekee kitu kigumu.

Jingine, uzito. Vya chuma vinafika kilo 9, 10, 11. Vya alumini kilo 6 mpaka 8 hivi. Akiwa peke yake anapaswa kunyanyua mbele kupanda kizingiti, kilo 3 hizo utaziona.

Na mama anavaa baibui? Nauliza kwa sababu bibi mmoja wa Kisomali ninayemhudumia upindo wa nguo yake ulinaswa na tairi la nyuma alipokuwa anageuka kukaa. Tulimpunguzia nguo ikafika kwenye kifundo cha mguu, basi.

MwanaNgamiani
Jamani asanteni, sikutegemea kupata haya yote. Nimempigia simu mdogo wangu kapima. Mama ana urefu wa sentimita 157. Mkunjo wa mkono na viatu ni 77. Mlango wa mbele 80, wa chumbani 72, wa chooni 58. Leo nimerudi dukani na futi yangu, kile kigari nilichokipenda mishikio ikishushwa mpaka mwisho kabisa ni 83!! Na tairi ni inchi 6. Muuzaji ananiambia atazoea. Na baibui anavaa ndiyo, refu.

FizioKaskazini
Hatazoea. Sentimita 6 juu ni nyingi, usikichukue. Tafuta saizi ndogo ambayo mishikio inashuka mpaka 75 hivi, hata ikibidi kusubiri mwezi. Chooni ndo hivyo, 58 hakipiti, muweke chuma cha kushika ukutani, na kama choo ni cha kuchuchumaa mtafutieni kiti cha choo mapema, magoti yale yanateseka zaidi huko kuliko barabarani. Na mpeleke kwa fizio hapohapo mkoani apewe mazoezi ya misuli ya mapaja. Kigari kinamfikisha darsani, misuli ndo inalinda goti.

Kibwana_Mbagala
Samahani mleta uzi naomba niingilie, baba yangu alipata kiharusi upande wa kushoto, mkono haubani vizuri, na yeye hiki kitamfaa?

FizioKaskazini
@Kibwana_Mbagala pole kwa mzee. Hapana, siyo hiki cha kawaida. Akibana breki ya kulia peke yake kigari kinageuka upande na anaanguka. Vipo vya breki ya mkono mmoja, ila asinunuliwe kitu chochote kabla hajatazamwa anavyotembea, wengi wa hali hiyo mkongojo wa miguu minne unawafaa zaidi. Na wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, nao hivyohivyo, mtu anaganda miguu huku kigari kinaondoka. Anzisha uzi wako tukuelekeze vizuri.

fundi_spoku
Mimi ni fundi baiskeli, hivyo vigari vinaletwa kwangu. Ukipata cha mtumba kutoka Ulaya usikiogope, vingi ni imara kuliko vipya vya hapa, ila kikague. Breki zake ni waya ndani ya mrija, sawasawa na baiskeli, zikilegea fundi yeyote anazikaza. Mwisho wa waya kuna kipande kinachokandamiza tairi lenyewe, kwa hiyo tairi likiwa limelika limekuwa laini breki haishiki hata ukaze vipi, na likiwa na tope ama maji vilevile. Funga breki zote mbili halafu kisukume kwa nguvu: tairi likizunguka, achana nacho. Kikunje na kukikunjua mara kumi usikilize kama kinajifunga vizuri kikifunguka. Tikisa mishikio uone kama vile vishikizo vya kupandisha na kushusha havijachakaa. Na msitundike mifuko kwenye mishikio, mzigo uende kwenye kikapu chini ya kiti.

MwanaNgamiani
Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya tano sasa. Tulikosa kipya saizi ndogo, nikapata cha mtumba cha alumini, kilo 7 na nusu, tairi inchi 8, mishikio inashuka mpaka 74. Nimelipa laki mbili na ishirini. Kichochoroni tulichanganya simiti mimi na mdogo wangu na kijana wa jirani, njia ya upana wa mita moja mpaka kwenye lami, siku mbili kazi imeisha, na sasa mwenye mkokoteni wa maji naye anapita palepale.

Wiki ya kwanza hakukigusa. Kilikaa ukumbini kimefunikwa kanga. Nilimsimulia habari ya yule mama wa Uswidi, akasikiliza, hakusema kitu. Siku ya tisa mdogo wangu kanipigia anasema mama yuko uani anafanya mazoezi ya kukaa na kuinuka, ameweka breki mwenyewe anahesabu kwa sauti.

Jumamosi iliyopita ameenda darsa. Alipumzika mara mbili, mara ya kwanza chini ya mwembe wa kina mzee mmoja pale kwetu, wakazungumza mpaka akasahau kuinuka. Mlangoni kabla ya kuingiza ndani kina mama wenzie walifuta tairi kwa kitambaa cha maji ili wasichafue zulia, akakiegesha pembeni akasali kwenye kiti. Nilipompigia usiku alikuwa anaongea haraka haraka kama zamani, nani kaolewa, nani kahama, nani kauliza habari zangu. Mpaka saiv nikikumbuka ile sauti machozi yananilenga. Mungu awalipe nyote.

Swali dogo tu kwa @fundi_spoku, breki ya kushoto imeanza kushika kwa kuchelewa kuliko ya kulia, asubiri au aende kwa fundi kabla ya Jumamosi?

fundi_spoku
Asisubiri. Pale waya unapoingilia, karibu na mshikio ama chini karibu na tairi, kuna nati ndogo ya kurekebishia. Alegeze nati ya kufungia, azungushe kidogo kidogo mpaka zote mbili zishike sawa, akaze tena. Kazi ya dakika tano. Akimaliza mwambie azifunge breki akisukume kabla mama hajakikalia.

MwanaNgamiani
Sawa fundi, namtuma mdogo wangu kesho asubuhi.