Manukato ya mchaichai hayakai, nifanyeje?

MamaTatu_AreaC: Jamani, nachanganya manukato nyumbani na kuuza pale Majengo. Ya ndimu na mchaichai wateja wanalalamika: wakijipaka asubuhi, saa tano hakuna kitu. Spiriti ya vipodozi asilimia 80, mafuta 20. Nakosea wapi?

FundiChupa: Dada, vipimo viko sawa. Ndimu ni nyepesi, hupaa kwanza popote, na joto kavu la Dodoma linaiharakisha. Iwekee kizito chini: udi, ubani, karafuu kidogo. Kidogo kweli, maana karafuu humeza wenzake na kuwasha ngozi. Mimi naloweka nta ya nyuki ya Manyoni kwenye spiriti, nachuja, nabaki na harufu ya asali inayoshika nguo. (Wauza asali hunishangaa nikiinusa nta kwanza.) Kisha nafunga chupa, naiweka gizani wiki nne. Ukiuza siku hiyohiyo, mteja atasikia spiriti tu.

MamaTatu_AreaC: Wiki nne! Mtaji ulale kabatini?

BabuKikuyu: Ulale tu, mama. Na zile chupa angavu usizipange dirishani, jua linaharibu mafuta.

FundiChupa: Anza na chupa moja, uvae mwenyewe hadi jioni.