Kizidishi cha ukuzaji: ni 7 kwa 3 au 5 kwa 3?

Mama wa Dunda
Ndugu zangu, naomba msaada. Mwanangu amepewa pembetatu iliyokuzwa kutoka kitovu K(1, 2), ambapo nukta A(3, 3) imehamia A′(7, 5), naye anatakiwa kutafuta kizidishi, yaani ile namba ambayo kila urefu wa umbo la awali umezidishwa nayo. Nilimwelekeza agawanye majira (zile namba za ndani ya mabano) ya taswira A′ kwa majira ya nukta ya awali A, tukapata 7/3 upande mmoja na 5/3 upande wa pili. Najua tumekosea, kwa kuwa kizidishi hakiwezi kuwa namba mbili, ila sioni ni wapi.

Mwalimu Mstaafu
Mama, njia yako ingefaa kama kitovu kingekuwa (0, 0). Hapa kitovu ni K, kwa hiyo hesabu zote zianzie hapo. Kutoka K hadi A ni hatua 2 kulia na 1 juu. Kutoka K hadi A′ ni hatua 6 kulia na 3 juu. Gawanya sasa: 6 kwa 2 ni 3, na 3 kwa 1 ni 3. Mtego mwingine, ambao nimeusahihisha kwenye madaftari hadi nikachoka, ni kupima kutoka A hadi A′: mwanafunzi hupata 4 kwa 2, akaandika 2, jibu likapungua 1 kamili.

Fundi Milango, Bagamoyo
Sisi wachongaji tunaifanya hesabu hii kila wiki. Ua la kizingiti nililichora kwenye karatasi kwa upana wa sentimita 12, mteja akalitaka la sentimita 30, hivyo kizidishi ni 2.5. Kijana wangu aligawanya kinyume akapata 0.4, ambayo ingelipunguza ua badala ya kulikuza. Kosa langu mimi lilikuwa la vanishi: nilinunua mara 2.5 ya ile iliyotosha ua la sampuli, ikaisha kabla ya nusu ya kazi, maana eneo huzidishwa kwa 2.5 mara mbili, yaani 6.25.

Mama wa Dunda
Ahsanteni sana, tumepata 3. Je, kitovu kisipotajwa?

Mwalimu Mstaafu
Chora mstari unaopita A na A′, kisha mwingine unaopita B na B′. Mistari hiyo inapokutana ndipo kitovu kilipo. Kikiangukia katikati ya A na A′, kizidishi ni hasi, na taswira itakuwa imepinduka upande wa pili wa kitovu.