MREJESHO: Kishikwambi cha Android 6 kilichogoma kufungua tovuti

Wakuu, niliuliza kwa nini kishikwambi kizima, betri inakaa, kinagomea nusu ya tovuti kwa onyo la usalama. Tarehe ilikuwa sahihi. Waliosema tatizo ni vyeti (faili zinazokithibitishia kifaa kuwa tovuti ni ya kweli) wamepatia: Android chini ya 7.1.1 haikitambui ISRG Root X1, cheti mama cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa tovuti nyingi, na njia ya mkato (saini ya cheti kingine cha zamani) iliyovibeba vifaa vya zamani ilikwisha Septemba 2024.

Dawa: pakua isrgrootx1.der kwenye letsencrypt.org kwa simu nyingine, badilisha kiishio kiwe .crt (ukiacha .der mara nyingi hakionekani), weka kwenye memori kadi. Kisha kwenye kishikwambi: Mipangilio, Usalama, sakinisha kutoka kadi ya SD, chagua matumizi ya VPN na programu. Lazima uweke PIN. Ukitaka kuitoa PIN baadaye, huenda ukalazimika kufuta na cheti.

Onyo la "mtandao unaweza kufuatiliwa" litabaki juu. Linakera tu, ilimradi faili ulilitoa kwa Let's Encrypt wenyewe.

Chrome imefunguka. Programu zinazodai Android mpya bado zinagoma, na za benki sizirudishi humo: viraka vya usalama vilishakoma.